Tembe la Ujiji: Historia ya Nyumba Iliyojitosheleza na Msamiati Wake

Katika maandishi ya usanifu majengo ya miongo ya karibuni, ni ndoto chache zinazorudiwa mara nyingi kama ile ya nyumba ya kifahari inayojitosheleza: nyumba inayojipatia nishati na maji yake, pengine na sehemu ya chakula chake, na isiyotoa hewa ya ukaa angani. Ndoto hiyo hutangazwa kana kwamba ni zao la karne ya 21, nayo hufuatana na picha za vioo, paneli za jua na bustani zilizokatwa vizuri. Msomi wa historia ya Kiswahili anaposoma matangazo ya aina hiyo hana budi kukumbuka nyumba nyingine, iliyojengwa kwa udongo na miti kando ya Ziwa Tanganyika miaka 150 na zaidi iliyopita. Wenyewe waliiita tembe. Lengo la mhadhara huu ni kuichunguza nyumba hiyo kwa kutumia ushahidi wa aina mbili: maelezo ya wasafiri walioiona, na maneno ya Kiswahili yaliyoitaja pamoja na sehemu zake. Swali lenyewe ni moja. Inaposemwa kwamba nyumba *inajitosheleza*, ni nani hasa anayetosheleza?

Ujiji, ambao sasa ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma-Ujiji, unafahamika ulimwenguni kwa salamu moja tu. Novemba 1871 Henry Morton Stanley alimkuta humo David Livingstone, na maneno waliyoamkiana yamerudiwa hadi kuchosha. Jambo ambalo halikupewa uzito ni mahali walipokaa baada ya kuamkiana. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Stanley anaeleza kwamba mwenyeji wake alimwongoza hadi barazani, chini ya paa lililotokeza mbele sana, wakaketi juu ya jukwaa la udongo lililotandikwa mkeka na ngozi ya mbuzi. Ngozi nyingine ilikuwa imepigiliwa ukutani ili mgongo wa mzee usiguse udongo wa baridi. Maelezo hayo ni ya kupita tu, lakini kwa mtu anayechunguza nyumba yana thamani kuliko salamu yenyewe. Ni mchana, katika mji ulio nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta, na ukuta ni wa baridi kiasi cha kuhitaji kufunikwa.

Sayansi ya jambo hilo haina fumbo. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole, hata joto la adhuhuri lifike upande wa ndani jua likiwa limekwisha kutua. Paa lililotokeza huuzuia ukuta usipigwe na jua moja kwa moja, na baraza lililo chini yake huwa chumba cha hewa kisicho na gharama. Ziwa lenyewe, lililo kwenye mwinuko wa mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, huleta upepo wa mchana. Msanifu wa leo huyapata hayo kwa hesabu nyingi na mitambo. Fundi wa Ujiji aliyapata kwa jembe, shoka na maji.

Hata hivyo, si haki kumsifu fundi huyo kwa nia ambayo hakuwa nayo. Unene wa kuta na upungufu wa madirisha katika matembe ya wafanyabiashara ulitokana zaidi na hofu ya wezi na vita kuliko hofu ya joto. Richard Burton, aliyefika Ujiji pamoja na John Hanning Speke Februari 1858, ameeleza kwa kirefu matembe ya Waarabu na Waswahili wa bara: baraza pana mbele, mlango mzito, ukumbi wa kupokelea wageni wenye majukwaa ya udongo, kisha vyumba vya ndani vilivyopata mwanga kwa vitundu vidogo tu, na nyuma yake ua. Ubaridi ulikuwa faida iliyokuja pamoja na ngome. Lakini faida isiyokusudiwa nayo ni faida, na waliokaa barazani hawakuiuliza ilikotoka.

Tuligeukie jina. Neno *tembe* halina dalili yoyote ya asili ya Kiarabu. Ni neno la bara, la Kibantu kwa umbo lake, na aina ya nyumba inayotajwa nalo, yenye paa bapa la udongo juu ya boriti na fito, ilikuwa ya Wagogo, Wanyamwezi na majirani zao kabla ya misafara ya pwani kuizoea njia ya Tabora. Mfanyabiashara aliyetoka Zanzibar au Bagamoyo hakuja na ramani ya nyumba ya mawe. Huku bara hakukuwa na matumbawe ya kuchoma chokaa wala boriti za mikoko, na hakuna mpagazi ambaye angezibeba. Kwa hiyo aliichukua nyumba ya wenyeji pamoja na jina lake, akaipanua, kisha akaijaza maneno ya kwao. Hapo ndipo historia ya msamiati inapoanza kusema mambo ambayo wasafiri hawakuyaandika.

Tazama neno *sakafu*. Katika Kiarabu asili yake ina maana ya paa au dari. Katika Kiswahili ni chini tunapokanyaga. Mageuzi hayo hayawezi kueleweka bila kuiona nyumba ya mawe ya pwani, ambamo paa bapa la chokaa iliyopondwa la ghorofa ya chini ndilo eneo la kukanyaga la ghorofa ya juu. Neno hilo lilipofika Ujiji halikukuta chokaa wala ghorofa. Lilikuta udongo ulioshindiliwa, nalo likatulia hapo. *Dirisha* na *bustani*, yote mawili yenye asili ya Kiajemi, nayo yalisafiri. La kwanza halikupata kazi nyingi katika kuta zilizoogopa wezi, ilhali la pili lilipata kazi nyingi mno. *Ghala*, kutoka neno la Kiarabu la mazao ya shamba, lilipata chumba cha kudumu, kwa kuwa tembe la mfanyabiashara lilikuwa kwanza ni ghala na baadaye ni nyumba. Hivyo, jina la jengo zima ni la bara, majina ya sehemu zake mengi ni ya ng'ambo, na sarufi inayoyaunganisha ni ya Kibantu. Lugha hiyohiyo ndiyo iliyovuka ziwa na kuingia Manyema, ambako ilikuja kuitwa Kingwana.

Lipo neno jingine linalostahili kukaliwa kitako, nalo ni *anasa*. Siku hizi hulitafsiri kama starehe za matajiri, tena mara nyingi kwa sauti ya lawama. Mzizi wake wa Kiarabu, hata hivyo, unahusu uzoefu na urafiki, ile hali ya kutokuwa mpweke. Kwa maana hiyo ya kale, anasa ya tembe la Ujiji haikuwa katika vyumba vya giza vya ndani bali barazani, mahali pa mkeka, kahawa, hesabu za pembe na habari za njiani. Siku ile ya Novemba 1871, kwa mujibu wa Stanley, Sayd bin Majid alileta maandazi ya nyama, Mohammed bin Sali akaleta kuku wa mchuzi, na Mwinyi Heri, aliyekuwa na mamlaka makubwa mjini, akaleta mbuzi na wali. Stanley alitoa chupa ya shampeni na vikombe vya fedha. Katika karamu nzima kitu cha gharama kuliko vyote ndicho kilichokuwa na faida ndogo kuliko vyote. Chakula kilitoka kwa majirani.

Sasa ni vema kuuliza kwa makini: je, nyumba hii ilijitosheleza? Kwa upande wa ujenzi, jibu ni ndiyo, karibu kwa ukamilifu. Udongo ulichimbwa hapohapo, miti ilitoka porini, kamba zilitokana na magome. Tembe lilipochakaa lilirudi ardhini bila kuacha kifusi, na ndiyo sababu mtalii anayekwenda leo kwenye kumbukumbu ya Livingstone pale Ujiji hukuta mnara na miembe, lakini tembe haliko. Kwa upande wa chakula, bustani na mashamba ya pembezoni yalitoa mpunga, mihogo na mboga, na ziwa lilitoa samaki. Mwanga ulitoka kwa mawese, kwani ukanda huu ni nchi ya michikichi tangu zamani, na mafuta yaliyopikia ndiyo yaliyowasha taa. Chumvi ilitoka Uvinza, mwendo wa siku chache kuelekea mashariki, kwenye chemchemi ambazo utafiti wa akiolojia uliofanywa na Sutton na Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba zilitumiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hapo, kwa hakika, pana moshi: chumvi ya Uvinza ilipatikana kwa kuchemsha maji ya chemchemi juu ya kuni. Jiko la tembe nalo liliwaka kuni. Atakayedai kwamba nyumba hiyo haikutoa hewa ya ukaa atakuwa amesahau kwamba *ukaa* ni mwana wa *kaa la moto*. (Wanafunzi hupenda kuunganisha *makaa* na *makazi*. Ni mizizi miwili tofauti ya Kibantu iliyofanana sauti. Mshairi anaruhusiwa kuichezea, mwanaisimu haruhusiwi.) Linaloweza kusemwa kwa haki ni kwamba moshi wake ulikuwa wa miti iliyoweza kuota tena, na kwamba kuta zake hazikuchomwa tanuruni. Tofauti hiyo ya pili si ndogo, kwani saruji peke yake huchangia asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani.

Kasoro yake kubwa ya kiufundi ilikuwa paa. Udongo bapa unafaa Dodoma, ambako mvua ya mwaka ni milimita 570 hivi. Ujiji hupata karibu milimita 1000, na nyingi hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Burton mwenyewe alikaribishwa katika tembe bovu la mfanyabiashara Mwarabu, akapata kujua maana ya kuvujiwa. Nyumba ya Ujiji iliyokuja kushinda baadaye ilikuwa ile tunayoiita ya Kiswahili, yenye paa la mteremko, ukanda katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma na baraza mbele. Baraza halikuachwa.

Na maji? Yalikuwa yale ya ziwa, nayo yalibebwa. Hata hayo hayakuwa ya kutumainiwa kukaa mahali pamoja. Mwaka 1878 kina cha Ziwa Tanganyika kilikuwa kimepanda sana. Kisha kizuizi cha mto Lukuga, upande wa magharibi, kikabomoka, na katika miaka kama 15 hivi iliyofuata maji yakashuka kwa takriban mita 10. Mmishonari Edward Hore, aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikwenda Lukuga mwaka uliofuata na kuuona mto ukitoka kwa kasi. Ufuo wa Ujiji ukarudi nyuma, nyumba zilizokuwa karibu na maji zikabaki mbali nayo, na waliobeba mitungi wakaongezewa safari. Karne moja na nusu baadaye mambo yaligeuka: mwaka 2021 ziwa lilipanda hata kufurika makazi ya Bujumbura na Uvira pamoja na maeneo ya ufuo wa Kigoma. Anayechora nyumba ya kujitosheleza kando ya ziwa hili anachora juu ya mstari unaosogea.

Lakini ni hapa kwenye mitungi ndipo swali la mwanzo linaporudi. Kitenzi *kujitosheleza* kimeundwa kwa kitenzi *-tosha*, kikaongezewa viambishi vya kufanyiza vinavyokifanya kihitaji mtendaji anayekifanya kitu kitoshe, kisha kikapewa kiambishi cha kujirejea *-ji-*. Kiambishi hiki ni kidogo lakini kina nguvu ya ajabu: humfanya mtendaji na mtendwa kuwa mmoja. Tukisema *nyumba inajitosheleza*, sarufi inatuambia kwamba nyumba ndiyo inayotenda. Hakuna mwingine katika sentensi. (Kufanana kwa *-ji-* hiyo na jina la Ujiji ni sadfa tupu, kwani Ujiji ni nchi ya Wajiji, ingawa baadhi ya wakalimani wa mitaani wameshajaribu kuuunganisha mji huo na *jiji*.)

Nje ya sentensi watu walikuwa wengi. Burton anapoeleza jinsi Waarabu wa Unyanyembe walivyoishi kwa raha, nyumba zao kubwa na bustani zao zilizostawi, anaendelea palepale kutaja makundi ya watumwa na masuria, na jinsi watumwa hao walivyofundishwa ufundi mbalimbali. Hali ya Ujiji haikuwa tofauti kwa asili, ila kwa ukubwa. Mji huu ulikuwa kituo cha njia iliyopitisha pembe na watu waliotekwa kutoka Manyema hadi pwani. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo, Ujiji ukiwa miongoni mwa vituo vyake, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Udongo wa tembe ulikandwa kwa miguu ya watu, maji yalibebwa kwa vichwa vya watu, na mpunga ulipondwa kwa mikono ya watu, na wengi wa watu hao hawakuwa na hiari. Utumwa katika Tanganyika haukufutwa kisheria hadi mwaka 1922, zaidi ya miaka 30 baada ya utawala wa Kijerumani kuanza. Nyumba haikuwa na injini kwa sababu ilikuwa na binadamu. Msifu wa tembe anayelisahau jambo hili hafanyi historia.

Pia vitu vya kifahari havikutoka Ujiji. Nguo ya merikani, ambayo jina lake linataja asili yake, ilifumwa Marekani, ikavuka bahari mbili, ikabebwa mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi kwa miezi. Shanga ndizo zilizokuwa sarafu ya soko la Ujiji, hususan zile zilizoitwa sofi, nazo ni mali ya ng'ambo. Livingstone aliionja maana ya utegemezi huo Oktoba 1871. Alirudi Ujiji kutoka Manyema akiwa amechoka na mgonjwa, akitumaini kuikuta bidhaa aliyotumiwa kutoka pwani, akakuta imekwisha kuuzwa yote na mtu aliyekabidhiwa. Alikuwa na baraza, kuta za baridi, bustani za majirani na ziwa zima mbele yake, naye akajiona kuwa ombaomba. Udongo ulijitosheleza, lakini aliyekaa ndani yake hakuweza.

Mwisho wa matembe makubwa hauhitaji maelezo marefu. Reli ya Kati ilifika ziwani Februari 1914, lakini ilifika Kigoma, kilomita chache kaskazini, penye maji ya kina ya bandari. Wafanyabiashara wakaifuata. Mabati na saruji vikaanza kuja kwa behewa kwa njia ya kilomita 1250 hivi kutoka Dar es Salaam, na kila mfuko ulioshushwa uliifanya nyumba ya Kigoma kuwa mali ya mahali pengine zaidi kidogo. Baada ya uhuru, sera za vijiji, zikiwa ni pamoja na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, na kampeni za nyumba bora zilizofuata, ziliimarisha imani kwamba nyumba ya udongo ni dalili ya umaskini. Ubora ukapimwa kwa bati. Neno *tembe* lenyewe likarudi nyuma: katika kinywa cha wasemaji wengi leo ni kidonge cha dawa, katika kamusi lina pia maana ya kuku jike aliyekomaa, na maana ya nyumba husomwa zaidi katika habari za Ugogo.

Kwa miaka mingi umeme wa Kigoma ulitokana na majenereta ya dizeli, na mafuta yake yalisafiri njia ileile ya merikani. Gridi ya Taifa ilianza kuingia mkoani humo mwaka 2022. Katikati ya hali hiyo mtu anayechora leo nyumba ya kifahari isiyotoa hewa ya ukaa katika ukanda huu ana mengi ya kuazima kutoka kwenye tembe: ukuta mnene wa udongo, ambao kwa sasa unaweza kuwa wa matofali ya kufungamana yenye saruji kidogo, baraza pana, ua, na, kinyume na tembe, paa la mteremko litakaloteremsha mvua ya milimita 1000 hadi tangini badala ya sebuleni. Hayo yanawezekana na ni ya busara. Lakini paneli na betri atakazoweka juu na ndani yake ni merikani ya zama hizi. Baadhi ya betri hizo zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, karibu asilimia 70, hutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa lilelile, katika nchi ya Katanga ambayo misafara ya karne ya 19 iliifuata kwa ajili ya shaba na pembe. Sehemu yake huchimbwa kwa mikono. *Ji* ile ndogo bado iko kazini.

Katika karamu ya Novemba 1871 yupo mtu mmoja wa upande wa nyuma wa tembe ambaye vitabu havikumsahau kabisa. Ni Halima, mpishi wa Livingstone. Stanley anamtaja akihangaika jikoni siku hiyo, akiwa na wasiwasi kwamba Daktari hakuuthamini ipasavyo upishi wake. Baadaye alifuatana na msafara hadi Unyanyembe, na huko, mwaka 1872, Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba angemwachia huru na kumnunulia nyumba na bustani Zanzibar, pindi watakapofika. Shajara hiyo ilichapishwa London mwaka 1874. Aliyeahidi nyumba alifariki kwa Chitambo Mei 1873, na mwili wake ndio uliofika Zanzibar.